Nyuso Chini ya Banda la Vyungu

Mume wangu alirudi kutoka vita vya Burma akiwa mzima wa mwili, na watu wa Pande wakaniambia nina bahati. Wanawake wengine waliletewa habari tu. Mimi nililetewa mwanamume mwenye mikono miwili na miguu miwili, koti la keya, jeshi la Mwingereza, mgongoni, na buti ambazo hakutaka kuzivua hata akiwa anakula.

Kabla ya kuchukuliwa jeshini alikuwa mkwezi. Minazi ya ukoo wao aliikwea yeye, na aliikwea huku akiimba. Aliporudi, mikono ilimtetemeka hata kahawa ikamwagika kabla ya kufika kinywani. Kukwea hakuweza tena. Lakini kilichotutesa zaidi kilikuwa kishindo. Nazi ikianguka mchangani, puu, aligeuka na kumpiga aliye karibu naye. Hakuchagua mtu. Ila aliye karibu naye nilikuwa mimi.

Na Pande ni minazi mitupu. Nazi huanguka ukiwa unatwanga, ukiwa unasali, ukiwa unacheka. Nikajifunza kumpakulia chakula, kukiweka chini, kisha kurudi nyuma, kama mtu anayemlisha mbwa wa watu.

Nilimwendea mama mkwe na jicho limevimba. Akaniangalia, akaendelea kukuna nazi.

"Mwenzio ametoka vitani," akasema. "Ulitaka akurudie anacheka?"

Baba mkwe alikuwa mwalimu wa chuo. Watoto wa kijiji walisoma Kurani barazani kwake. Yeye alimwandikia mwanawe kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akanywa. Alikunywa kwa adabu, mikono yote miwili. Kesho yake nazi ikaanguka na mimi nikapoteza jino.

Mimi ni mtu wa Umatumbi, kule milimani, na mama yangu alikuwa mfinyanzi. Kazi hiyo nilishuka nayo pwani nilipoolewa. Wenyeji waliiita kazi ya watu wa bara, lakini mchuzi wao waliupika kwenye vyungu vyangu. Nyuma ya nyumba nilikuwa na banda dogo la makuti. Udongo niliuchimba kwenye bonde la mpunga, nikauchambua mawe, nikaukanda mpaka ukawa laini kama unga wa maandazi.

Siku moja asubuhi nilikuwa ninakanda, naye akaja akasimama mlangoni mwa banda. Nikaacha kazi, nikajibanza ukutani. Alichuchumaa, akachukua bonge la udongo, akaanza kulifinya. Nazi ikaanguka nje. Nikafunika kichwa changu. Nilipofumbua macho, vidole vyake vilikuwa vimezama ndani ya udongo mpaka kwenye vifundo, anahema kama mtu aliyekimbia, na hakuna aliyepigwa.

Kuanzia siku ile nilimwekea udongo wake kando kila asubuhi. Mwanzo aliufinya tu na kuurudisha. Baadaye bonge likaota pua. Likaota masikio. Nikaona ni uso wa mtu, mtu hasa, mwenye pengo la meno na kidevu kilichochongoka.

"Huyu ni nani?" nikauliza nikiwa mbali.

"Alikuwa akitupikia. Alikuwa na kelele huyu!" Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu arudi.

Akafinyanga mwingine, na mwingine. Aliwapanga juu ya ubao chini ya banda, na akifanya kazi alinieleza: huyu alikoroma, huyu aliogopa ruba kuliko risasi, huyu alikuwa na mke Lindi ambaye hakumwandikia hata siku moja. Wote walikuwa wamekufa. Mikono yake, ikiwa ndani ya udongo, haikutetemeka. Akaanza kuvua buti akija bandani. Akaanza kula karibu yangu. Nazi zilianguka, naye akashtuka na kuminya alichoshika, basi. Wakati ule ndipo nilipokuwa na mume.

Uso mmoja ulimchukua muda mrefu. Kila siku aliulowesha, akautengenezea macho, akauacha. Chini ya pua palikuwa patupu, pamelainishwa kama tumbo la mtungi.

"Mbona huyu hana mdomo?"

Alipitisha kidole gumba pale palipo patupu. Kisha akasema, "Rafiki yangu, wa Mchinga. Alipigwa risasi ya tumbo. Tulikuwa tumejificha, maadui wanapita, naye analia anataka maji. Nikamziba mdomo kwa mkono. Wakapita wote. Nilipoondoa mkono, alikuwa ameshakata roho."

Akanionyesha ule mkono, wa kulia, kama vile sijauona.

Nilimsogezea kibuyu cha maji ya kulowesha. Akachovya kidole, akachora mdomo, akaufungua kwa kucha. Halafu akalia, kwa sauti, kama mtoto, na mimi nikakaa pale pale karibu yake, wala sikuogopa.

Kilio kile ndicho kilichomleta baba mkwe. Aliingia bandani na fimbo yake, wanafunzi wake wamejaa nyuma, akaona nyuso zile zimepangwa kwenye ubao zinamtazama.

"Masanamu," akasema. "Ndani ya ua wangu."

"Shikamoo baba," nikasema. "Si ya kuabudu. Ni rafiki zake waliokufa. Tangu ameanza hajanipiga."

"Nilikuuliza wewe?" Akamgeukia mwanawe. "Siku ya kiyama utaambiwa uzipulizie roho. Utaweza? Zivunje. Zivunje mwenyewe, watoto hawa waone."

Mume wangu aliinuka. Alikuwa ni mtu wa kutii; jeshini walimfundisha, na kabla ya jeshi baba yake. Akamchukua mpishi mwenye pengo, akamwachia chini. Akamchukua wa pili. Watoto walicheka kila kichwa kilipopasuka. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na ufagio tayari. Mume wangu alipofika kwa yule wa Mchinga, udongo bado mbichi, alisimama. Mikono ilianza kutetemeka tena.

Baba mkwe hakusubiri. Alichukua mchi wangu wa kutwangia, akaushusha juu ya uso ule, puu.

Mume wangu aligeuka, akanipiga mimi. Nilikuwa karibu zaidi. Sikio langu la kushoto halijasikia tena tangu mchana ule. Baba mkwe alinitazama nikiwa chini, akasema nijifunike vizuri, halafu akaamuru banda livunjwe na udongo wangu wote ukatupwe mikokoni.

Tukarudi tulikotoka, na zaidi. Jirani waliona, wakapita. Mpaka Ijumaa moja, watu wametoka msikitini, nazi ikaanguka njiani na aliye karibu alikuwa baba mkwe mwenyewe. Mkono wake ulivunjika. Mimi nilipigwa miezi na hakuna aliyetafuta kamba. Siku ile kamba ilipatikana kabla ya alasiri. Jumbe, mkuu wa kijiji, alileta watu, wakamfunga mume wangu kwenye mnazi, na kesho yake akapakiwa kwenye lori kwenda Lindi, na kutoka Lindi akapelekwa mbali, bara, kwenye hospitali ya wenda wazimu. Alifia huko. Habari ililetwa na tarishi wa jumbe, akaitoa akiwa amesimama, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Nikarudi Umatumbi kwa mama yangu, nikafinyanga vyungu.

Miaka ikapita. Siku moja mama mkwe akatokea uani kwetu, amezeeka, miguu imejaa vumbi jekundu la kwetu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa. Hakugusa uji niliompa.

"Mzee hajui kama nimekuja," akasema. "Sura ya mwanangu imenipotea. Nakumbuka koti, nakumbuka buti. Sura haiji. Wewe una mikono hiyo. Nifinyangie."

Ningeweza. Vidole vyangu vilikuwa vikiujua uso ule, na kovu la nyusi, na namna mdomo ulivyopinda akicheka. Nilikata bonge la udongo, nikamwekea mapajani.

"Finyanga mwenyewe, mama."

Alijaribu mchana wote. Sikumwambia aloweshe vidole, na udongo ulimpasukia. Mwisho alikuwa na donge lenye matundu mawili ya macho. Alilitazama, akaniuliza kama ni lazima lichomwe.

"Lisipochomwa litamomonyoka."

"Utanichomea?"

Nikamwambia nimeshachoma juzi, sichomi tena mpaka mwezi uandame. Alilifunga kwenye kanga likiwa bichi, akalikumbatia kifuani, akashika njia ya kuteremka pwani.