Wivu Wangu Hewani

Chekeni tu, sitaki huruma yenu, maana aibu niliyoipata West Bay, Doha, hata mama mzazi sijamsimulia.

Nilikuwa mlinzi kwenye hoteli moja pale, miaka ile Doha inachimbwa kila kona, na kila Ijumaa alasiri nilipangiwa mlango wa ukumbi ambamo mama mmoja wa Argentina alifundisha kucheza tango (muziki jamani, si lile la kachumbari). Kabla ya kuwasha muziki huwaeleza wanafunzi wake maneno ya wimbo kwa Kiingereza, na mimi mlangoni nimekaza uso kikazi huku masikio yote yako ndani. Siku hiyo ulikuwa wimbo wa bwana aliyeachwa. Anaonea wivu mwavuli unaomkinga yule mwanamke, anaonea wivu kikombe anachonywea, halafu mwishoni anaukuta mtandio wa yule mwanamke kitini, anaukunja polepole, anauweka vizuri, basi. Mama wa watu akafuta machozi. Nami nusura.

Sasa mimi nilikuwa nampenda Nafula wa mapokezi, Mkenya mwenzangu, na sikuwa nimemwambia neno, na kila jioni nilimwona akipanda kiti cha mbele kwenye gari la wafanyakazi kurudi bwenini Al Rayyan, akicheka na dereva, Kato, Mganda mwenye sauti nzuri kupita kiasi. Nikaamua leo namwambia, tena kwa maneno ya tango. Wakati wa mapumziko nikaingia korido ya nyuma, nikaegemea viti vilivyopangwa pale, nikaanza mazoezi kwa Kiswahili, mkono kifuani.

"Naonea wivu kiti cha gari la Kato! Naonea wivu mkanda wa gari la Kato! Kato, mwizi wa usingizi wangu, hata kioo chako kinamwona kuliko mimi!"

Nisichojua ni kwamba kitufe cha redio ya kazi kiunoni kilikuwa kimebanwa na viti, na redio zile ukishabonyeza, wewe unasikika kote na hakuna anayeweza kukujibu. Nusu ya walinzi ni Wakenya na Waganda. Mapokezi wana redio. Kato ana redio garini. Niliendelea mpaka nikaanza kuimba kabisa (ndiyo, niliimba), ndipo msimamizi wetu Mnepali, asiyejua Kiswahili hata neno, akaja mbio ameshika kichwa: "Mutua, khalas! Redio!" Yaani basi, inatosha.

Kato nilimkuta mlango wa nyuma ananisubiri.

"Banange, Mutua, mimi niko na mke Masaka. Si ungeniuliza tu, ndugu yangu?"

Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Pale mapokezi Nafula hakuinua macho. Nikamwambia pole.

"Umeniaibisha mbele ya kila mtu, maana wote wanajua nani hukaa kiti kile, na afadhali basi ningekuwa mimi niliyeimbiwa," akasema. "Kato umemtaja kila mstari. Mimi jina langu sijalisikia."

Kweli tupu. Wivu wote wa ule wimbo niliuchukua, upole wake nikauacha. Maneno ya mazoezi yote yamekauka, nikajikuta namuuliza kama miguu inamuuma, maana kutwa anasimama. Akaitazama miguu yake. Kisha machozi yakamlenga, akasema tangu atue Doha hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, na vile viatu vya kazi vinambana kweli.

Nimeapa sitamwimbia mtu tena maishani. Nikishikwa na wivu, na hunishika bado, namuuliza Nafula kwanza habari za viatu vyake.