Horo ya Koridoni

Mtaalamu wa hesabu wa ghorofa ya nne ya hospitali hagusi wagonjwa. Damu huitazama kwenye kompyuta tu, huku akitafuna mbegu za alizeti na kutemea maganda kwenye kikombe cha daktari Radka. Mshipa mkuu wa mzee Stamen umevimba, na Jumamosi anamwoza mjukuu wake.

"Akicheza ngoma ya horo harusini, mshipa utapasuka?" Radka aliuliza.

"Akicheza, moyo unapiga mara ngapi?"

"Nitajuaje? Wewe na mzee mna umri mmoja. Cheza wewe, profesa wa maganda!"

Mtaalamu akavua viatu, akacheza peke yake koridoni, vidole shingoni, akihesabu mapigo kwa sauti. Akarudi akihema, akaingiza namba. Kwenye mfano wa kompyuta, mshipa wa Stamen ukapasuka.

"Mwambie asicheze," alisema, bila utani. "Leso ya kuongoza wachezaji ataipunga akiwa kitini."