Alama Nilizozifuta Mapema

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Moshi, nilimwamkia Mhandisi Mkuu, mama wa Marangu, kisha nikamuuliza kwa nini tusinakili diski nzima kila siku. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na nilihoji kila kitu. Alinieleza kwamba diski ya hospitali tuliyoihudumia ilijaa picha za eksirei, na kuinakili yote kulichukua muda mrefu mno. Kwa hiyo iligawanywa vipande vikubwa, kila kipande na alama yake. Kitu kikibadilika ndani ya kipande, hata kidogo, alama inawekwa, na vyenye alama tu ndivyo vinavyonakiliwa. Kipande kikishanakiliwa, alama inafutwa.

Mwaka wa pili nikawa msimamizi wa nakala. Asubuhi moja diski ile ilianza kufa. Mkuu wa Kitengo aliagiza ifikapo saa sita izimwe, hospitali ihamie kwenye nakala. Nilipitia programu ya kunakili mara ya mwisho nikakutana na mstari nilioandika mwenyewe. Unakili ukiishia katikati ya kipande, mstari ule ulihesabu kipande chote kuwa kimenakiliwa, ukafuta alama. Nusu iliyobaki haikuwa na wa kuisemea. Ripoti zote zilisema: kamili.

Nilimwona akilini daktari akifungua picha kabla ya upasuaji na kukuta nusu ya fuvu. Kisha nikaenda kwa Mhandisi Mkuu.

“Mama, nimefuta alama za kazi ambayo haijafanyika.”

Hakufoka. “Ukipalilia nusu ya kihamba, shamba lako la nyumbani, unatangaza kimekwisha?”

“Hapana.”

“Sasa mbona mashine umeifundisha hivyo? Ukiweka alama, tanua mpaka, hesabu hata kipande kilichoguswa kidogo. Ukifuta, ubane, futa vipande vilivyokamilika tu. Alama ikibaki bure, tutanakili mara mbili. Ikifutwa bure, hatutajua hata tulichopoteza.”

Akamsihi Mkuu wa Kitengo asizime. Tuliweka alama kwenye kila kipande, tukanakili upya huku diski ikikwaruza. Ilikufa kikiwa kimebaki kipande kimoja. Alama yake ilikuwepo, hivyo tulijua ni kipande kipi, na orodha ya hospitali ikaonyesha picha pekee iliyokuwemo ni ya nani: mzee mmoja wa mji wa Mkuu, wilayani Rombo. Aliitwa apigwe nyingine, nami nikatumwa kumpokea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ile ya kwanza ilikwenda wapi, mwanangu?”

Mimi, bingwa wa maswali, nilimshika mkono nikampeleka chumba cha eksirei.

Mwaka huu nimeacha kazi. Ni mapema kuita huko kustaafu. Nimerudi kwenye shamba la kahawa la nyumbani. Lakini hata huku, mtu akiniambia kazi imekamilika, kwanza naenda kutazama mpakani.