Saa ya Mashine ya Izigo

Shamsa Saburi alikuwa fundi redio wa Kashai, mtaa wa Bukoba, na nusu ya wateja wake hawakulijua hilo mpaka waketi. Mwanamume aliingia, akatazama huku na huku, akamuuliza fundi yuko wapi. Shamsa alimjibu kwamba fundi ametoka kidogo, kaa umsubiri, kisha akaendelea kuichokonoa redio mbele yake mpaka ikaimba. Wengi walishtuka wakacheka. Mwalimu mmoja, mtu mzima na miwani yake, alichukua redio iliyopona, akashukuru, akaomba fundi akirudi asalimiwe sana.

Ufundi huo aliupata kwenye vita. Mwaka 1978 ndege za adui zilipopita juu ya Bukoba na nusu ya mji ikakimbilia vijijini, Mzee Jamnadas hakufunga duka lake la redio. Alisema amezaliwa mjini hapa, kijiji cha kukimbilia atakitoa wapi? Waliobaki walikuwa na njaa ya habari kuliko njaa ya sukari, na redio mbovu zikajaa dukani mpaka kwenye ngazi. Mzee alikuwa na ujuzi, lakini mikono yake ilitetemeka. Binti wa mlinzi wake, Shamsa wa miaka kumi na miwili, hakuwa na ujuzi wowote ila mikono yake ilitulia tuli. Basi wawili hao wakawa fundi mmoja. Mzee alinyoosha kidole, msichana akayeyusha risasi ya kulehemu pale pale. Kila aliposema, "Nadhani ni huu waya," aligongwa kidogo kichwani kwa penseli.

"Fundi hadhani, binti. Fundi anapima."

Miaka ikapita. Baba yake Shamsa alichukuliwa na ukimwi, ugonjwa ambao mwanzoni watu waliuita Juliana, kwa sauti ya chini, kana kwamba ukijisikia unatajwa utageuka. Shamsa alizika, akalia, akarudi mezani kwake. Miaka ile kila nyumba ilikuwa hivyo. Baadaye Mzee Jamnadas naye akahama, akamfuata bintiye Indumati Mwanza. Alimwachia Shamsa kipimo chake cha umeme, na akaivua saa yake ya mkono, ile ya kutiwa ufunguo kila asubuhi, akamvalisha mwenyewe. Tangu siku hiyo Shamsa hakuivua ila kwa kutawadha na kuoga.

Mwaka 1997 alikuja dukani Alistidia, mwenyekiti wa wajane kumi na wanane wa Izigo, upande wa Muleba. Wajane hao walikuwa na mashine ya kusaga, na juu ya mashine hiyo ndiko zilikokaa ada za watoto wao wote. Injini ya kwanza ilikwisha kufa.

"Oili yake inatakiwa ibadilishwe kila ikifanya kazi saa mia," Alistidia alieleza. "Sasa nani alizihesabu? Mmoja anasema hamsini, mwingine anasema bado, tukabishana mpaka ikakwama. Hii ya pili tumeinunua kwa kahawa ya misimu miwili. Ikifa hii, waitu, fundi wetu, ya tatu hatuna."

"Haitakufa," Shamsa akasema, kisha akaogopa alichokisema. Lakini neno likitoka halirudi.

Kitu alichokuwa nacho akilini kilikuwa kwenye kopo la maziwa chini ya meza. Binamu yake Shaban, mwalimu wa chuo cha ufundi Dar es Salaam, alimletea chipu moja, kompyuta nzima iliyojikunja kuwa na ukubwa wa dole gumba, pamoja na kioo kidogo cha kuandika herufi na tarakimu katika mistari miwili. Shamsa hakuwa na mashine ya kuifundisha chipu hiyo. Aliandika maagizo kwenye karatasi za daftari, hatua kwa hatua, akayatuma kwa posta. Shaban akayaingiza kule chuoni na kuirudisha chipu kwa basi. Hivyo kosa moja lilikuwa na safari ya siku kumi.

Na makosa yalisafiri. Alipoiunganisha mara ya kwanza, kioo kilihesabu vizuri mpaka dakika hamsini na tisa, kikaandika sitini, kikaandika sitini na moja, na kikaendelea bila haya mpaka tisini na tisa. Shamsa alikuwa amesahau kuiambia chipu kwamba dakika sitini ni saa. Nani angedhani kitu chenye akili hivyo hakijui jambo hilo? Shaban alimwandikia barua ya kurasa mbili, ya kumcheka tu.

Chipu iliyorudi mara ya pili ilikuwa na adabu. Injini ikiwashwa, mstari wa juu ulianza 0:00 na kuonyesha muda ambao injini imefanya kazi tangu iwashwe. Ukiizima, kesho unaanza tena sifuri. Mstari wa chini ulijumlisha siku zote na haukusahau. Ukifika mia, badilisha oili. Shamsa alikwenda Izigo, akakifunga kioo ukutani karibu na mlango, akamfundisha Apolinary, mwendesha mashine, akala ndizi na senene kwa wajane, akarudi Kashai akijisifu kimoyomoyo njia nzima.

Baada ya mwezi Alistidia alirudi, na hakusalimu vizuri.

"Dizeli inakwisha mara mbili ya zamani, na mahindi ni yale yale. Apolinary anaiuza. Jumapili tuna kikao, tunamfukuza."

Shamsa alipiga hesabu. Dizeli ya kuibwa haimhusu fundi redio. Lakini kama dizeli haiibwi, basi inaungua, na ikiungua injini inatembea. Alifunga duka, akapanda basi pamoja na mama huyo.

Walifika mchana. Mlio wa injini waliusikia tangu barabarani, ukivuma juu ya migomba. Ndani hapakuwa na mteja, hapakuwa na punje ya mahindi, na mkanda wa kinu ulikuwa umevuliwa. Injini ilinguruma peke yake, na Apolinary ameketi pembeni anakatakata mchaichai wa chai yake kwa utulivu wa mtu aliye kazini. Wanawake wawili wakapita njiani na majembe, wakachungulia ukutani. "Saa saba na nusu imepita, twende, mazishi tutayakosa," mmoja akasema, wakakaza mwendo.

Shamsa alikitazama kioo. 7:48. Akatazama mkono wake. Saa saba na dakika arobaini na nane.

"Apolinary," akasema polepole, "asubuhi unawasha saa ngapi?"

"Kumi na mbili kamili! Siku hizi sichelewi hata dakika," Apolinary akajibu kwa fahari. "Siku moja nilichelewa nusu saa, padri akaanza misa bila watu, nilisemwa mimi! Fundi, umetuletea saa nzuri sana. Kata nzima wanaitumia."

Ndivyo ilivyokuwa. Mashine iliyoanza sifuri alfajiri iliandika moja ilipotimia saa moja, na nne ilipotimia saa nne, na hapana mtu Izigo aliyeona haja ya kuuliza ni muda wa nini. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ukiizima, inarudi sifuri. Basi Apolinary hakuizima.

"Na mstari wa chini uko wapi?" Mahali pake palikuwa na kipande cha plasta.

"Ule ulikuwa unatugombanisha. Saa moja ya ukutani itakuwaje na majira mawili?"

Shamsa aliibandua plasta. 231. Alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa. Oili ilikuwa nyeusi na nzito kama lami. Aliona wazi kwamba kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, cha kuilinda injini, ndicho kilikuwa kinaiua. Hakuuliza mtu. Aliizima.

Kimya kikaanguka, na kioo kikafa pamoja na injini. Alistidia alikuwa bado anamwonyesha Apolinary kidole alipoingia mzee mmoja mwenye fimbo, akapita katikati yao bila neno, akaenda moja kwa moja ukutani. Akasimama mbele ya kioo kitupu. Akakipangusa kwa kiganja, akasubiri.

"Ni Mzee Rugaibula," Apolinary akanong'ona. "Mwanawe Rwegasira anaumwa kifua. Ametolewa hospitali na dawa, moja ya saa moja, nyingine ya saa nane, na nesi alimwambia asikosee saa. Mzee herufi hasomi, tarakimu anazijua. Mimi ningezima vipi kabla ya saa nane, Mama Alistidia? Watoto watano amekwisha zika. Amebaki huyo."

 Alistidia alikishusha kidole alichokuwa amekiinua.

"Imekufa?" Mzee Rugaibula akauliza, bila kugeuka.

"Imepumzika, baba," Shamsa akasema. Aliona aibu, na huruma, na alitaka kulia, vyote kwa pamoja. Aliivua saa ya Mzee Jamnadas, akaifunga kwenye kifundo cha mkono wa mzee, mkono ulio mwembamba hata ukanda ukahitaji tundu jipya. Akalitoboa kwa msumari. "Mkono mfupi ukisimama hapa, ni saa moja. Ukisimama hapa, ni saa nane. Kila asubuhi itie ufunguo, hivi, mpaka ikatae. Usikisie."

"Sikisii mimi," mzee akasema, akaondoka upesi, maana zilibaki dakika tano.

Oili ilibadilishwa mchana ule ule, mara mbili, ya kusafisha na ya kazi, na injini ilipowashwa ilikohoa kidogo ikasamehe. Apolinary hakufukuzwa. Kwenye kikao cha Jumapili Alistidia alisimama akasema amemsingizia mtu, akaketi, na kwa mama yule hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Shamsa alirudi Kashai kuandika maagizo mapya. Safari hii mstari wa juu ulikuwa saa ya kweli, inayokula betri yake yenyewe hata injini ikilala. Mstari wa chini alihakikisha hakuna binadamu atakayeudhania ni saa: aliufanya uhesabu kurudi nyuma, kutoka mia kwenda sifuri. Shaban aliuliza kwa barua kwa nini saa ya juu inaandika 12:00 jua linapochomoza, wakati saa zote za dunia zinaandika 6:00, na Shamsa akamjibu kwamba aje aulize Izigo.

Miezi ikapita, masika yakaja yakaondoka. Siku moja mchana aliingia dukani kijana mrefu, amekonda, ana kikapu cha kahawa ya kutafuna. Shamsa akawa tayari kumwambia fundi ametoka.

"Wewe ndiye fundi," kijana akasema. "Mimi ni Rwegasira. Dawa nimezimaliza, wamenipima, kifua kimepona. Mzee amesema nikurudishie hii."

Akaweka saa mezani, imefungwa kwenye jani la mgomba lililokauka. Shamsa aliifungua. Ilikuwa inatembea, imetiwa ufunguo asubuhi ile ile. Saa nane kasoro dakika tano.

"Sasa hivi yuko njiani kwenda mashineni," Rwegasira akasema, akacheka. "Tumemwambia dawa zimekwisha, hasikii. Kila siku anakwenda, anaitazama saa nane ikiingia, anarudi mbio. Akinikuta kibanjani, kwenye migomba yetu, nina jembe mkononi, hasemi kitu. Anakaa chini, ananitazama nikilima."

Shamsa aliivaa saa yake. Ukanda sasa ulikuwa na tundu la msumari mbali na lake la zamani, na aliifunga kwenye lile la mzee, ikambana kidogo.