Injini Iliyobaki Chini ya Meza

Kithaka alikuwa fundi wa pikipiki pale Kiirua, na watu waliiamini kazi yake. Kwa hiyo mwalimu Mbogo alipojijengea ndege ya mtu mmoja, ya mabomba ya alumini na turubai, alimwachia Kithaka achague injini.

Zilikuwa mbili. Moja ilitoka kwenye gari kuukuu, cc elfu moja mia sita. Nyingine ilikuwa ya cc mia tano tu, ila nguvu zao zilikaribiana, na uzito wa ndogo ulikuwa nusu. Ile kubwa ingeikimbiza ndege zaidi ikishakuwa angani. Ndogo, kwa gia zake na pangaboi refu, ndiyo ingeinyanyua. Na Kiirua, huko juu mlimani, hewa ni nyepesi, kila injini hupungukiwa pumzi. Kazi ni kunyanyuka. Kithaka aliyajua hayo yote.

Lakini watu walipita kutazama.

"Fundi, hiyo ndogo si ya kukatia ng'ombe majani?" aliuliza Njoka, mchuuzi wa viazi. "Mwalimu ataruka, au atatulishia ng'ombe?"

Karakana nzima ilicheka. Kithaka akaisukuma ndogo chini ya meza, akafunga kubwa.

Ndege ilikimbia malishoni, ikainuka kimo cha paa, ikasita, ikaangukia shamba la viazi. Mbogo alivunjika paja.

Tangu siku hiyo Kithaka humtembelea kila Jumapili baada ya kanisa, na kila Jumapili humsikia akiwaambia wageni, "Ni upepo wa mlima tu. Fundi alifanya kazi safi." Joyline, mke wa Mbogo, humletea kikombe cha uji wa wimbi.

Jumapili hii Mbogo aligonga plasta ya mguu wake kwa furaha. "Nikitupa magongo, fundi, tunaifunga tena injini ile ile."

Kithaka alitazama kikombe chake.

"Ile nimeshaing'oa, mwalimu. Haukuwa upepo. Ilikuwa nzito mno."

Mbogo alimgeukia. "Ulijua lini?"

"Kabla sijaifunga. Waliicheka ile ndogo."

"Walikucheka wewe," Mbogo alisema taratibu, "nikapanda mimi."

Joyline alisimama. Alikitoa kikombe mkononi mwa Kithaka, uji ukiwa nusu bado, akaingia nacho jikoni. Kithaka alibaki ameketi, mikono mitupu, hakuthubutu kuaga.