Nilimzulia Nyanya Mlowezi ili Nipate Kidoti Doha

Jamani, kosa ni langu, msinitafutie wakili. Nilimsingizia nyanya yangu mzaa baba kwamba alizaa na mlowezi. Kwenye mtandao, mbele ya ulimwengu mzima! Na nilikuwa nacheka nikiandika.

Jina letu la ukoo ni Hesselgill. Ndiyo, sisi weusi tititi wa Kitale, tunaoishi Doha, mtaa wa Najma, juu ya duka la mchele. Babu alikuwa mpishi wa mlowezi mwenye jina hilo, na karani aliyemwandikia kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, hakujisumbua kumuuliza lake. Akabandika la bwana. Tukalirithi kama sufuria.

Mwaka jana nikakuta tovuti ya jina hilo. Kumbe ni kijiji kidogo kaskazini mwa Uingereza, kondoo wengi kuliko watu! Wenye jina ni vidoti vyekundu kwenye ramani: vimejazana bonde moja, vichache Kanada. Uarabuni, hakuna hata kimoja. Nikataka changu, jo.

Mzee anayeitunza tovuti akaniuliza, "Wewe ni wa tawi lipi?"

Ningesema ukweli. Wapi! Nikaandika kwamba baba ni mtoto wa siri wa yule mlowezi. Kidoti kikawaka Doha. Nikawaonyesha wenzangu darasani, tukavunjika mbavu.

Hamtaamini: mzee akaja! Alikuwa anapitia hapa kwenda Australia, akauliza tunapokaa, nami mjinga nikamwelekeza nikidhani ni maneno tu. Ijumaa, baba yuko zamu kazini kule West Bay, mlango ukagongwa. Mama akamkaribisha chai na mandazi, akidhani ni mwalimu wangu.

Mzee akatoa picha ya mlowezi. "Huyu ni baba yangu mdogo. Nimekuja kumwomba radhi mama mkwe wako kwa niaba yake."

"Radhi ya nini, mzee?"

Akaeleza. Mama akaweka birika chini polepole.

"Wewe! Nyanya yako, mwenyekiti wa akina mama kanisani, alizaa na nani?"

Nikatapika ukweli wote. Mzee akairudisha picha mfukoni. "Sina mtoto," akasema. "Nilidhani nimepata ndugu."

Haki, afadhali angenizaba kofi!

Mama akamsogezea sahani. "Kula, mzee. Mandazi hayaulizi ukoo."

Kidoti kilifutwa, lakini binamu zangu Nairobi walishakiona, na kanisani Kitale watu walishaanza kuichunguza pua ya baba kwenye picha. Nyanya hapokei simu yangu mpaka leo.

Nyinyi wachekeshaji wenzangu, jichekeni wenyewe! Nyanya wa watu akiwa mbali hawezi kujitetea.

Mgeni alipoondoka nilingoja kuchapwa mwiko. Mama alikusanya vikombe tu, akasema:

"Babu yako alipewa jina bila kuulizwa, akalibeba hadi kaburini bila aibu. Nyanya yako naye umempa mume bila kumuuliza. Shule zikifungwa unaenda Kitale, utasimama kanisani useme ukweli, na mimi sitakuja kukushika mkono."