Mfarishi Uliovuka Njia ya Kuze

Jua halijashuka bado kwenye vichochoro vya Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, lakini cherehani ya Hafswa Ziad inanguruma barazani tangu watu watoke msikitini alfajiri. Chini ya sindano unatoka mkanda wa vipande vya leso za kujitanda, zambarau, manjano, mwekundu, unateremka vidato vya baraza, unapita mlango wa jirani na kuishilia kwenye kona. Wapita njia wanauruka. Hapana anayeuliza ni wa nini, kwani jana jioni kila mlango wa mtaa huu ulibishwa hodi.

Aliyebisha ni Arnold, msimamizi wa nyumba mpya ya wageni iliyo penye kona hiyo. Alikuja kwa adabu, hilo Hafswa hamnyimi. Aliomba kwamba leo, siku ya ufunguzi, pasionekane nguo wala shuka nje mpaka wageni na wapiga picha waondoke.

"Alinambia wageni wanataka kuuona Mji wa Kale ulivyo," anasema Hafswa, macho hayatoki kwenye sindano. "Nikamuuliza, na sisi ni wa mji upi?"

Hafswa, mwenye umri wa miaka 47, ni fundi wa mifarishi, yale matandiko mazito yenye pamba kati, kitambaa cha bafta chini na vipande vya nguo juu. Kazi aliipata kwa mamake, aliyewashonea maharusi kwa mkono, na mfarishi mmoja ukimkalisha mwezi mzima. Mwana ameitia mbio. Hukata leso vibanzi virefu, akaviunga kimoja kwa kimoja mpaka viwe mkanda mmoja, kisha akaukunja ncha kwa ncha na kuushona ubavuni. Mkanda hufupika nusu, hupanuka mara mbili. Hukunja tena, akashona tena, mpaka ule mkanda ugeuke kitambaa cha kutosha kitanda.

"Mamangu angeniona angenigomba," anasema, akicheka. "Yeye alikuwa mtu wa sindano ya mkono, bandi moja moja. Lakini mamangu hakulipa kodi ya nyumba ya siku hizi."

Mfarishi mmoja huuuza shilingi elfu sita, na karibu nusu yake huliwa na pamba, bafta na uzi. Wanunuzi wake wengi hawajapata kuikanyaga Kuze. Huuona mfarishi kwenye simu, wakaupenda, wakaagiza. Kwa hivyo picha ndiyo duka lake. Akipiga ndani, chini ya taa, nyekundu huwa kama kutu na wateja hunyamaza. Akipiga nje, juani, simu hulia.

Na jua la Kuze ni la kuwania. Nyumba ni ndefu, njia ni nyembamba. Jua huchungulia kabla ya adhuhuri, likapiga ukuta mmoja pale njia inapopinda, kisha likaenda zake. Ukuta huo ulikuwa wa mzee Muhdhar, na ni yeye mwenyewe aliyempigilia Hafswa misumari miwili ya kutundikia.

Mzee alifariki. Wanawe wakagawana, nyumba wakaiuza, ikawa hiyo ya wageni, nao wakahamia ng'ambo ya daraja. Si wa kulaumiwa, urithi hauliwi kwa macho. Lakini atakayesema watu wa Mji wa Kale wanahama kwa kupenda, na akae baraza yoyote hapa asikilize. Kwanza nyumba hununuliwa. Kisha hupakwa chokaa. Kisha kodi ya jirani hupanda, na huyo jirani akaambiwa shuka yake inaharibu sura ya mtaa. Mlango wa nakshi hupigwa picha asubuhi na jioni; aliyezaliwa nyuma ya mlango huo huombwa asogee kidogo.

Misumari ya Hafswa iling'olewa. Kikawekwa kibao: ni marufuku kuanika. Tangu hapo, anasema, mifarishi minane aliyokuwa akiiuza kwa mwezi imekuwa mitatu.

"Nilijaribu juu ya paa, upepo ukanipokonya. Nikajaribu mtaa wa pili, nikaulizwa kibali. Kibali cha jua!"

Kitambaa kimetimia. Wanawake wa mtaa wanakaa mkekani, wanakitandika juu ya pamba na bafta, wanapiga bandi pande zote kwa pamoja, domo nalo halipumziki. Mmoja anauliza kama wageni watapewa biriani. Mwenzake anamjibu kuwa watapewa mandhari.

Hafswa anapanda ngazi na mfarishi begani. Ng'ambo ya njia, dirisha kwa dirisha, yuko Hussaina, jirani yake wa Kibohora. Kati ya madirisha hayo imevuka kamba juu ya makapi mawili, vile vigurudumu vya kuvutia, iliyofungwa na mama zao wakati wao wenyewe ni wasichana. Ramadhani, kamba hiyo hupitisha kapu la futari: viazi vya nazi vikaenda, sambusa zikarudi.

Leo si Ramadhani. Hafswa anaubana mfarishi kambani, Hussaina anavuta. Makapi yanalia. Rangi zinasogea kidogo kidogo juu ya vichwa vya watu hadi katikati ya njia, mbele ya ule ukuta mweupe, na jua linazipata.

Arnold anatoka mbio, gilasi ya sharubati mkononi. Anaomba kitu hicho kiteremshwe, wageni wameshafika. Anakumbusha kibao.

"Ukuta tumekuwachia, baba," Hussaina anamwambia kutoka juu. "Kamba ni ya futari."

"Lakini mama, mnaiziba nyumba."

Hafswa ameshashuka, simu mkononi, anatafuta pembe ya kupigia picha.

"Nyumba yako haikwenda mahali," anamjibu. "Iko pale pale. Na sisi tuko pale pale."

Wageni wamejaa mlangoni, nyuso juu. Mpiga picha aliyeletwa na nyumba yenyewe anapiga goti katikati ya njia, anainua kamera, anaishusha. Kisha, kwa adabu, anamwomba Arnold asogee kidogo.

Mkekani kicheko kinapasuka. Hafswa hacheki. Anapiga yake, anaikagua, nyekundu ni nyekundu, anaituma.

Kuhusu kesho, hana nia ya kuomba misumari yake irudishwe. Ameanza kuwatafuta waliouza na kuhama, Kisauni, Likoni, Bamburi, na kila nyumba anaiomba leso moja ya mama au bibi. Watu wa mzee Muhdhar wameleta yao tayari. Anataka kushona mfarishi mmoja wa mtaa mzima, na huo hauuzi.

Wanawake wa mkekani wanamwambia kamba ile ya futari haitaubeba.

"Basi tutafunga nyingine," anasema. "Madirisha bado tunayo."